Shamba Haikurogwa: Vile Alizeti ya Pori Inazuia Mbegu Kuota

(Mazungumzo mbele ya wanachama, kabla ya sezoni A)



Komite iliniomba nizungumze juu ya mashamba yenye kukataa mbegu. Wengi wetu tulirudi, hawa toka Nyarugusu, wale toka Lugufu, tukakuta mashamba ya wazee wetu imekuwa pori. Tena si lile pori la zamani. Ni yale maua ya manjano yenye kupita kichwa cha mtu, tithonia, wengine wanaiita alizeti ya pori. Mtu anafyeka, anachimbia majani mabichi ndani ya udongo, siku ya tatu anapanda maharagi. Wiki mbili zinapita: hapa moja, pale moja. Halafu maneno yanaanza, eti waliobaki nyuma njo wameroga shamba ili sisi tusilime. Maneno hayo tumekwisha kuyasikia hata hapa kwetu, na ni maneno ya kupeleka watu kwa chifu. Kwa hiyo nitaeleza jambo lenyewe linalofanyika ndani ya udongo.

Mmea hauna miguu ya kukimbia. Unapigania nafasi yake kwa kivuli, kwa mizizi, na mingine kwa sumu. Majani ya tithonia yako na uchungu mkali, wale wanaoyachemsha na kunywa wakati wa homa wanaujua. Mu ule uchungu kuna vitu vinavyoitwa tagitinini. Mvua ikiosha majani, sumu inashuka chini. Majani yakianguka na kuanza kuoza, inaongezeka. Mizizi nayo inatoa yake.

Sasa angalia punje ya muhindi. Ikipata maji inavimba, wanga wake unageuka sukari, na hiyo sukari njo chakula cha mzizi wa kwanza. Lakini sumu inaingia pamoja na yale maji. Kazi ya kugeuza wanga inachelewa, na ncha ya mzizi haikui vizuri. Ukifukua, unakuta punje imevimba tu, ama imetoa kamzizi kafupi kenye ncha nyeusi. Mbegu ndogo kama ya lengalenga inaumia zaidi, maana haina akiba. Muhogo tunapanda kipande cha mti, kwa hiyo shida hiyo ya mbegu hauna.

Tabia hii iko na jina, alelopatia. Alilitoa mtaalamu wa Austria, Hans Molisch, mwaka 1937. Na mwaka 2000 wataalamu wawili wa Marekani, Callaway na Aschehoug, walichukua mmea mmoja ulioingia kwao toka upande wa Asia, wakaupanda pamoja na nyasi za kule ulikotoka, na pamoja na nyasi za Amerika. Zilizoumia zaidi ni za Amerika, hazikuuzoea. Tithonia nayo hapa ni mgeni, kwao ni Meksiko na Amerika ya Kati. (Mahindi na maharagi asili yao ni Amerika vilevile, na hakuna anayeyakataa kwenye sahani.)

Lakini tusikimbilie sumu vile wengine wanakimbilia uchawi. Mbegu inaweza kuwa ya zamani, imeliwa na wadudu. Fanya hivi: chukua makopo matatu, toboa chini. La kwanza tia udongo wa shamba la tithonia. La pili, udongo wa shamba safi. La tatu, ule wa tithonia uliochanganywa na makala ya kusaga, sababu makala inashika sumu. Panda punje kumi kumi za mfuko mmoja, mwagia maji sawasawa, hesabu siku ya kumi. Zikikataa zote, kosa ni la mbegu, rudisha kwa aliyekuuzia. Zikiota kwenye udongo safi na kwenye makala, zikakataa kwenye tithonia, sumu iko, ngoja.

Kungoja maana yake wiki mbili za mvua, si miezi. Wadudu wadogo wa udongo wanaivunja ile sumu. Na hapana kuchoma! Katika kilo 100 za majani makavu ya tithonia muna karibu kilo 3.5 za azoti na kilo 4 za potasi. Ni mbolea ambayo wengine wanainunua. Katakata majani na matawi laini, chimbia, ngoja, pima tena kwa kopo, kisha panda. Vile viti vigumu vitoe nje vikauke juani, maana ukivifukia vibichi vinaota upya. Na fyeka kabla maua hayajatoa mbegu.

Wenye mashamba ya namna hiyo walete udongo Jumamosi, kibakuli kimoja kinatosha. Na yule aliye na neno juu ya jirani yake, alete udongo kwanza, tuhesabu punje pamoja na huyo jirani akiwepo.