Besiboli: Vipaji vya Uganda na Macho Yasiyoviona

Msikilizaji, mwaka 1988 klabu ya Los Angeles Dodgers ilimchagua Mike Piazza katika raundi ya 62, baada ya wachezaji zaidi ya 1,300 kutangulia. Alikuja kuwa mmoja wa wadakaji bora katika historia ya besiboli. Klabu hiyohiyo, mwaka 2022, iliwasajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male.

Hapa Kampala bado tunauona mchezo huu kama wa wageni. Lakini mwaka 2011 vijana wetu walifuzu michuano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani, wakanyimwa viza kwa sababu ya kasoro katika hati za kuzaliwa. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifika, ya kwanza kutoka Afrika, ikaifunga timu ya Oregon 3-2.

Kisha yupo Dennis Kasumba, mdakaji aliyejifua kwa matairi na makopo, video zake zikazunguka dunia. Mwaka 2023 alivaa jezi ya Frederick Keys, Marekani, katika ligi ya wanaowania kuchaguliwa.

Ligi kuu ya Marekani yenyewe bado haijapata Mganda. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisubiri tangu aliposajiliwa 2008 hadi Aprili 2017, akawa Mwafrika wa kwanza kuichezea. Karibu miaka tisa! Vijana wetu wanahitaji viwanja, glavu, makocha wanaolipwa, na cheti cha kuzaliwa kinachopatikana mapema. Hayo yako ndani ya uwezo wetu.