Matamshi ya Kiingereza Kilifi na Malindi: Nani Hukosolewa, Nani Husifiwa?

Mada iliyowasilishwa katika warsha ya walimu wa lugha, Malindi

Utangulizi



Mwalimu wa Kiingereza katika kaunti hii hukutana na watoto wa Shela, wa Marafa, wa Kaloleni na wa mitaa ya wenye mishahara mjini, na kila mmoja huja na ulimi wake. Dai langu leo ni kwamba mara nyingi tunapowasahihisha tunapima wanakotoka kabla ya kupima matamshi yao.

Kipimo kilitoka wapi

Matamshi tunayoyaita sahihi yalikuwa ya watu wachache. Mwanafonetiki Mwingereza Daniel Jones alipochapisha kamusi yake ya matamshi ya Kiingereza mwaka 1917, alieleza usemi wa familia za kusini mwa Uingereza ambazo wanaume wake walisomea shule kubwa za bweni, yaani shule za wenye nazo. Mvuvi wa Cornwall na kuli wa bandari ya London hawakuhesabiwa, ingawa Kiingereza ni lugha ya mama zao.

Tazama sauti r. Katika usemi ule wa Jones, r ya mwisho wa silabi haitamkwi, na anayeitamka huonekana mtu wa shamba. Ng'ambo ya Atlantiki mambo ni kinyume. Mwanaisimu Mmarekani William Labov alipowachunguza wauzaji wa maduka matatu makubwa ya New York mwaka 1962, wa duka la matajiri ndio waliotamka r zaidi. Sauti ni ile ile. Kwa huyu ni ushamba, kwa yule ni ungwana.

Sisi tulipokea Kiingereza cha Mwingereza mtawala, na ushahidi umo vinywani mwetu: shati, kadi, tochi, fomu. Maneno hayo yaliingia kwa sikio, na r haikuja nayo.

Ndimi za pwani yetu

Mtoto wa Shela au Takaungu aliyezaliwa katika Kiswahili ana th na dh tangu utotoni, kwa sababu anasema thelathini na dhahabu. Tena wazee wake hutofautisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi inayotoka na p ya mnyama. Pumzi hiyo ndiyo Mwingereza huitoa anaposema "paper". Wanafunzi wengi wa bara huhangaika na "think" wakasema "tink" au "sink". Huyu wetu hahangaiki, lakini sijasikia akipongezwa.

Mtoto wa Kigiriama hana th na dh za asili. Dhambi kwao ni dambi, basi "they" huwa "dei". Hata hivyo ana ts na dz, maana nchi kwao ni tsi na maji ni madzi. Sauti hizo ndizo zinazofunga maneno "cats" na "beds". Kilichobaki ni kumzoeza kuishia hapo bila kuongeza irabu. Mwalimu asiyejua Kigiriama humwona mtoto huyu hana kitu, kumbe nusu ya kazi imeshafanyika.

Kuna na vijana wa ufuoni. Tangu Waitaliano walipoanza kurusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco huko Ngomeni mwaka 1967, Malindi imezoea Kiitaliano, na wako vijana wa Watamu waliokijua kabla ya Kiingereza. Kiingereza chao wamekiokota kwa wageni. Mgeni akielewa, biashara imefanyika. Hakuna anayemkatiza kijana katikati ya sentensi.

Tabaka ndani ya darasa

Mtoto wa akademi, yaani shule ya kibinafsi, anayeshinda na katuni za Marekani akisema "wora" kwa "water", akaikunja na r ya mwisho, tunasema ana Kiingereza kizuri. Vijana wenyewe huuita usemi huo tweng. Mtoto wa Magarini akisema "wota", wenzake wanacheka kwamba ameshrabu, yaani ametamka Kiingereza kwa lafudhi ya kwao. Sasa ifungue kamusi ya Jones: t ipo, na r ya mwisho haitamkwi. Wa Magarini yuko karibu zaidi na kipimo tunachodai kukifuata. Kilichomponza ni sare iliyopauka na shule anayotoka.

Mtihani nao

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina alama 60, na 30 kati yake ni za stadi za kuzungumza. Zote hujibiwa kwa kalamu. Mtahiniwa anaweza kuzipata bila kufungua kinywa. Huulizwa neno lipi linatamkwa sawa na lipi, na jibu hufuata Kiingereza cha Uingereza. Lakini katika Kiingereza cha Kenya "bird", "bad" na "bud" kwa wengi wetu husikika sawa. Mtoto aliyeyasikia hivyo kwa walimu wake tangu darasa la kwanza atatofautisha kwa sikio gani? Aliye na mwalimu wa ziada au televisheni nyumbani ana pa kushika, mwenzake anakariri.

Mapendekezo

Kwanza, tusahihishe linalompoteza msikilizaji: "ship" na "sheep", au mkazo uliowekwa mahali pasipo pake. R iliyokunjwa au isiyokunjwa haimpotezi mtu.

Pili, tuanze na sauti alizo nazo mtoto katika Kiswahili na Kigiriama, ndipo tuongeze zinazokosekana.

Tatu, mwalimu akikataa "dei" ya mtoto wa Kigiriama kwa hoja ya Kiingereza cha Uingereza, basi aikatae na "wora" ya akademi. Akiiruhusu moja kwa sababu inaeleweka, airuhusu na ya pili.

Nne, kila idara ya lugha itenge muda wa kusoma kwa sauti, na kicheko cha kushrabu kipigwe marufuku darasani kama tunavyokataza matusi. Mtoto aliyechekwa hunyamaza, na aliyenyamaza hatumpati tena tukamsahihisha.