Fosfeti ya Sukulu na Picha ya Mifupa

Msikilizaji uliye Busitema, Malaba, au Busia ya pande zote mbili za mpaka, vilima vya Sukulu pale Tororo unavijua. Udongo wake una fosfeti, na watu wameitafuta miaka mingi kwa ajili ya mbolea. Fosfeti na kalsiamu ndizo pia zinazoupa mfupa wako ugumu. Mfupa unaojijenga upya huivuta fosfeti kwa nguvu, na juu ya tabia hiyo kumejengwa kipimo kizima cha hospitali.

Mwaka 1937, mjini Palermo, Italia, Emilio Segrè na Carlo Perrier walichunguza kipande cha molibdenamu kilichotoka kwenye mtambo wa kuharakisha chembe za atomu wa Berkeley, Marekani. Humo wakaikuta elementi mpya, teknetiamu. Aina yake inayotumika hospitalini hupungua nusu kila baada ya saa 6. Kwa mgonjwa hiyo ni neema: kesho yake hubaki sehemu moja tu kati ya 16. Kwa hospitali ni mtihani, maana dawa hiyo haiwekwi stoo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 maabara ya Brookhaven, New York, ikapata njia: isafirishwe, ndani ya mtungi, molibdenamu yenye mionzi, ambayo huchukua saa 66 kupungua nusu, nayo izalishe teknetiamu pale pale hospitalini. Wenye kazi yao huuita mtungi huo ng'ombe, kwa kuwa hukamuliwa kila asubuhi. Kisha mwaka 1971 Subramanian na McAfee, wa Syracuse, wakaiunganisha teknetiamu na fosfeti. Mfupa ukaipokea.

Picha yenyewe hupigwa na kamera ya gama, ambayo haikupigi mionzi kama eksirei. Hupokea mionzi ya teknetiamu inayotoka mwilini mwako. Penye shughuli nyingi mfupani huonekana doa. Laweza kuwa saratani iliyotoka kwenye titi au tezi dume. Laweza pia kuwa mfupa uliovunjika, au yabisi ya magoti. Kwa hiyo nakusihi: kama mwaka juzi ulianguka na bodaboda, sema! Doa lisiloelezwa humtia mtu hofu ya bure.

Siku ya kipimo, kula kama kawaida na umeze dawa zako. Mwenye mimba au anayenyonyesha aseme kabla ya sindano. Ukishachomwa utangoja kama saa 3 dawa iingie mifupani, ukinywa maji mengi na kwenda haja ndogo mara kwa mara. Nenda tena kabla ya kulala kwenye kitanda cha kamera, kwani kibofu kilichojaa huficha mifupa ya nyonga. Vua mkanda, toa sarafu mfukoni, ulale bila kutikisika. Siku hiyo usipakate mtoto mchanga kwa muda mrefu.

Kutoka Tororo hadi hospitali ya Mulago, Kampala, ni kilomita zipatazo 200. Ni afadhali ukalale Kampala usiku wa kuamkia miadi. Ukiona huwezi kufika, piga simu mapema, apewe mwingine nafasi yako, kwani dozi iliyokamuliwa asubuhi haikungoji mpaka kesho.