KUPIMA TUMBO LA ARDHI BILA KUCHIMBA
Hotuba kwa watu wa Meru, Tharaka na Embu



Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kiko kitu ambacho mtu hata akiinama namna gani hakifikii, nacho ni mwamba ulio chini kabisa ya shamba lake. Shimo lililopita yote kwa kina duniani ni lile la Kola, nchini Urusi, lililofika mita 12,262 mwaka 1989. Na ganda la dunia lililoibeba Kenya lina unene wa kilomita 35 hadi 40 katika sehemu nyingi. Shimo kama hilo lingechimbwa Meru, lisingefika hata nusu ya safari.

Basi wataalamu hujuaje yaliyo chini? Hufanya kama mnunuzi wa chungu sokoni. Hukigonga kwa kidole, akasikiliza. Kwa mlio wake hujua kama ni kizima au kina ufa, wala hakivunji.

Ardhi nayo hugongwa kwa baruti inayolipuliwa ndani ya shimo refu au chini ya maji ya ziwa. Mtetemo husambaa kila upande, na vyombo vilivyopangwa kwa mstari mrefu huandika saa na nukta uliyofika. Katika mwamba wa ganda mtetemo huenda kama kilomita 6 kwa nukta moja. Katika mwamba mzito ulio chini ya ganda huenda kama kilomita 8.

Mfano wake ni watu wawili wanaotoka pamoja kijijini juu ya Chogoria. Mmoja anashika njia ya miguu, akivuka kila bonde. Mwingine anateremka kwanza mpaka barabara kuu, apande gari. Kama waendako ni karibu, mwenye miguu atatangulia. Kama waendako ni Embu, mwenye gari atatangulia, ingawa alizunguka. Vivyo hivyo, kwa vyombo vya mbali mtetemo wa kwanza kufika ni ule ulioteremka chini ya ganda, ukakimbia huko, kisha ukapanda tena. Mwenye kujua hesabu akiona ni umbali gani wa pili anaanza kumpita wa kwanza, aweza kusema ganda lina unene gani.

Kazi hiyo ilianza kufanywa katika Bonde la Ufa la Kenya mwaka 1968, ikaendelezwa na wataalamu wa Kenya, Ulaya na Marekani mwaka 1985, 1990 na 1994. Mstari mmoja wa mwaka 1990 ulianzia Ziwa Viktoria, ukakata Bonde la Ufa karibu na Baringo, ukaishia Chanler's Falls katika mto Uaso Nyiro, kaskazini ya milima ya Nyambene. Ilionekana kwamba chini ya Naivasha ganda lina kilomita 35 hivi, lakini chini ya Ziwa Turkana ni kama 20 tu. Tena mtetemo ulipopita chini ya Bonde ulipunguza mwendo, ishara ya kwamba mwamba wa huko una moto mwingi. Moto wa namna hiyo, ukipanda, ndio uzaao volkano. Na mvuke wa Olkaria umetumika kutoa umeme tangu mwaka 1981.

Pengine msikilizaji wa Mbeere au Tharaka atasema: hayo ya kilomita 35 yanamhusu nini mwenye kutafuta maji? Yanamhusu, kwa kuwa ufundi ni wa ukoo mmoja. Huku chini ya Mlima Kenya, upande wa mashariki, mwamba ni wa kale na mgumu sana. Maji hukaa katika nyufa zake na pale ulipolainika. Mtu aweza kuchimba hapa akapata vumbi, na jirani yake akapata maji. Kisima kikavu hula fedha za kijiji kizima.

Ndiyo maana wapimaji hukita vigingi vinne vya chuma kwa mstari. Umeme hupitishwa katika viwili vya nje, na nguvu yake hupimwa katika viwili vya ndani. Vigingi vikitengwa mbali zaidi, umeme hushuka chini zaidi. Mwamba mkavu huukataa; mwamba wenye maji huupitisha. Hata hivyo udongo wa mfinyanzi na maji ya chumvi huupitisha pia, kwa hiyo kipimo hupunguza kubahatisha, lakini hakiahidi maji.

Wako watu wanaoona vigingi na nyaya wakadhani shamba linataka kuchukuliwa, wakaving'oa usiku. Heri kuuliza kwanza. Mwenye shamba ana haki ya kuwataka wapimaji barua yao na kuelezwa wanatafuta nini. Akiridhika, na awasaidie: azuie ng'ombe wasikanyage karibu na vyombo vya mitetemo, maana hatua zao nazo huandikwa. Na kila mzee aliyewahi kuchimba kisima aseme alikutana na mwamba kwa kina gani, na maji aliyapata mwezi gani. Habari hiyo huwaonyesha wapimaji mahali pa kukita kigingi cha kwanza.