Kipigo Kinachobaki Mwilini



Mara nyingi sisi askari huitwa jeraha la mtoto likiwa limekwisha kukauka, na huelezwa kuwa shauri limemalizwa nyumbani. Halijamalizika. Mwaka 2009 watafiti wa Montreal, Kanada, walichunguza ubongo wa watu waliojiua. Kwa wale walioteswa utotoni, jeni inayosaidia kuutuliza mwili baada ya hofu ilikuwa na alama zaidi za kikemia, na utendaji wake ulikuwa umepungua. Jeni yenyewe haikubadilika.

Alama hizo si hukumu: mtoto aliyelindwa mapema aweza kustawi. Basi mkisikia kilio cha mtoto wa jirani, awe wa upande huu au ule wa mpaka, tuiteni usiku huohuo. Tusingojee kovu.