Sola ya Plastiki: Tungoje?



Katika baraza lililopita, mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, nasikia kuna sola nyepesi kama karatasi inakuja. Nifunge hii ya kioo sasa, au ningoje?" Siku ile nilimjibu juu juu. Leo nimekuja kulipa deni.

Sola hiyo ipo. Hutengenezwa kwa kemikali za kaboni, jamii ya plastiki, na yaweza kuchapishwa kama gazeti. Mwaka wa 1986 Ching Tang wa kampuni ya Kodak, Marekani, alitangaza iliyogeuza takriban asilimia 1 ya mwanga kuwa stima. Leo maabara zimefika karibu asilimia 20.

Ugumu uko wapi? Katika paneli ya silikoni, mwanga ukigonga, chaji hasi na chaji chanya huachana upesi. Katika plastiki hung'ang'aniana kama kifaranga na mamake. Jozi hiyo husafiri nanomita 10 hivi, na unywele mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, kisha hufa bila kutoa stima. Ili iachane, sharti ifike mpakani, pale kemikali inayotoa elektroni inapogusana na ile inayoipokea. Basi wataalamu huzichanganya. Mabonge yakiwa makubwa, jozi hufa njiani. Yakiwa laini mno, chaji zilizoachana hukosa njia ya kutoka, zikarudiana.

Hayo hufanyika haraka mno, ndani mno. Kwa hiyo hujenga mfano wake kwenye kompyuta: wanaiachilia jozi, wanaisogeza hatua kwa hatua kwa bahati, kama kurusha dadu, mara maelfu, halafu wanahesabu chaji ngapi zimetoka salama. Hesabu hizo huwaonyesha ni mchanganyiko upi unaofaa kujaribiwa. Bado wanabishana kwa nini baadhi ya michanganyiko mipya huachanisha chaji kwa msukumo mdogo sana.

Lakini hesabu ya chaji si hesabu ya miaka juu ya bati. Paneli nyingi za kioo huja na dhamana ya miaka 25. Hizi za plastiki huharibiwa mapema na hewa, unyevu na jua lenyewe.

Kwa hivyo, mama, usingoje. Mtoto anayesomea koroboi usiku wa leo hawezi kungoja maabara. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, na dhamana uipate kwa maandishi. Na akija mtu sokoni na sola ya kukunja, muulize kwanza: itadumu miaka mingapi?