Mtoto Ndiye Kipimo, Si Makofi

Maneno tuliyowaambia wanachama mkoani Geita



Tumetoka Shinyanga, tukapita Kahama, na leo tumefika kwenu. Kila kijiji tuliuliza swali moja: Je, wazazi, mmeridhika na msaada wa serikali zenu za mitaa katika kulea watoto? Wengi walijibu, "Tumeridhika," nasi tukapiga makofi. Lakini mama mmoja mzee alituambia, "Wanangu, asiyejua haki yake huridhika upesi." Tangu hapo makofi yetu yamepungua.

Basi tuzijue haki zetu. Halmashauri zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa mwaka 1984, ili wananchi waamue mambo yao wenyewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imezipa wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto, na imekataza mtoto kufanya kazi ya machimbo. Januari 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha nne. Migodi nayo hulipa halmashauri ushuru wa huduma. Na tangu Sheria ya Madini iliporekebishwa mwaka 2017, mpango wa mgodi wa kuwasaidia wananchi hauna budi kukubaliwa na halmashauri.

Ndugu, ada imeondoka, lakini mtoto hasomi akiwa na njaa. Akikosa uji shuleni, hufuata karasha, husaga mawe, hushika zebaki kwa mikono mitupu. Sisi tuliofunzwa ualimu tunajua maana yake: zebaki hudhuru ubongo, na ubongo wa mtoto haununuliwi kwa dhahabu. Je, mzazi wa mtoto huyo ameridhika na nini?

Hatusemi serikali imelala, wala hatusemi mzazi hana lawama. Yuko baba anayepokea fedha za mwanawe jioni bila kuuliza zimetoka wapi. Wako pia viongozi, na wengine ni wa chama chetu hiki, wanaosoma hesabu mbio mbio ili watu watawanyike. Hao wote tuwaambie kweli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Shinyanga, watu walisimama wenyewe wakaunda Sungusungu. Je, ndama alindwe, mtoto aachwe?

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila miezi mitatu. Nendeni, akina mama mkae mbele. Ulizeni mambo matatu: Fedha zilizoingia ni ngapi? Zilizokwenda kwa watoto ni ngapi? Na watoto wangapi hawapo darasani leo? Majibu yaandikwe, yabandikwe ukutani.

Siku hesabu hiyo ya tatu itakapokuwa sifuri, njooni mtuulize nasi kama tumeridhika. Hapo tutapiga makofi pamoja.